Rakuni Darini na Bustanini: Hatua za Kufuata Kabla Hujamwita Fundi

Mwaka wa kwanza tulipohamia nyumba hii ya Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, mama mkwe alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Usiku wa tatu akanigongea mlango, saa nane kasoro. "Baba Salma, juu ya dari kuna mtu." Tukasimama ukumbini kimya. Kishindo. Kitu kikaburutwa. Kishindo tena, kizito, cha miguu minne isiyo na haraka. Mama akaanza kusoma Ayatul Kursi, mimi nikachukua tochi nikatoka nje na koti juu ya kikoi. Kwenye pembe ya paa uso ulinitazama: mpana, wa kijivu, na utepe mweusi machoni kama jambazi wa katuni. Hakukimbia. Alinikagua, akaona sina la kumfanya, akaingia zake ndani ya paa kwa tundu ambalo mimi mwenye nyumba sikujua kama lipo.

Huyo ndiye rakuni. Ukitoka Pwani, mfikirie fungo aliyenenepa, mwenye mkia wa pete nyeusi na vidole kama vya mtoto mchanga. Uzito wake ni kilo 5 mpaka 10, na kabla ya majira ya baridi huzidi hapo. Jina lake la Kiingereza lilitokana na lugha ya Wapowhatan, wenyeji wa Virginia, lenye maana ya yule anayekwaruza au kupapasa kwa mikono. Waliomwita hivyo walimjua vizuri.

Ndugu wanaohamia huku, wawe Ontario ya Kanada au Ohio, Maryland na Minnesota za Marekani, wakisikia vishindo hivyo jambo la kwanza wanalofikiria ni kuziba tundu. Mimi pia. Fundi niliyemwita alikuja mwezi wa nne, akapigilia ubao, akachukua hela yake akaenda. Usiku uleule mama rakuni alirudi akabandua vigae vya paa kama mtu anayemenya ndizi, kwa sababu watoto wake wanne walikuwa bado ndani. Nililipia paa lile mara mbili. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zifuate kwa mpangilio wake, usiruke.

Hatua ya 1: Hakikisha ni yeye

Vishindo vya mchana, vyepesi, vya mbio mbio, mara nyingi ni vya kuchakulo. Rakuni hutoka magharibi na kurudi alfajiri, na mwendo wake ni wa mtu mzima aliyevaa soksi. Ukisikia pia milio myembamba kama ya vifaranga au paka wachanga, ujue kuna watoto.

Kama huna hakika, nyunyiza unga wa ngano mbele ya tundu au chini ya baraza la mbao jioni, utazame asubuhi. Nyayo zake za mbele ni kiganja kidogo chenye vidole vitano vilivyotawanyika. Huwezi kuzichanganya na za paka.

Tafuta anakopandia: mti uliogusa paa, bomba la maji ya mvua, uzio. Tafuta anakoingilia: pale paa la baraza linapokutana na ukuta, matundu ya hewa ya plastiki juu ya paa, dohani isiyofunikwa. Tundu la upana wa sentimita 10 hivi linamtosha. Na usijifariji kwamba ukuta wako ni mrefu. Mwezi wa sita 2018 huko St. Paul, Minnesota, rakuni mmoja alipanda kwa nje jengo la ghorofa 25 mpaka juu, watu wakimfuatilia mubashara mitandaoni. Kushuka nako hakumsumbui, kwani miguu yake ya nyuma huzunguka ikatazama nyuma, na hivyo huweza kuteremka mti kichwa kikiwa chini.

Hatua ya 2: Tazama kalenda

Hii ndiyo hatua ambayo yule fundi aliiruka. Mimba ya rakuni ni siku 63 hivi, na katika sehemu hizi za kaskazini wengi huzaa mwezi wa nne na wa tano, watoto watatu mpaka watano. Watoto hukaa wiki tatu hivi bila kufungua macho. Wanapofika wiki ya nane mpaka ya kumi ndipo huanza kumfuata mama usiku kwenda kutafuta chakula.

Kwa hiyo kuanzia mwezi wa tatu mpaka katikati ya kiangazi, chukulia kwamba rakuni aliye darini ni mama na ana watoto, hata kama hujawasikia. Usizibe chochote. Ukiweza kuvumilia wiki chache, wataondoka wote kwa miguu yao na kazi yako itakuwa nusu.

Majira ya baridi nayo yana mtego wake. Rakuni hafi ganzi kama wanyama wengine walalao baridi nzima. Hujikunja akalala siku nyingi, akiishi kwa mafuta ya mwilini, kisha siku ikipata joto kidogo anatoka. Kimya cha Januari kisikudanganye. Muda mzuri wa kufanya kazi ya paa ni mwezi wa tisa na wa kumi, watoto wakiwa wameshakua na theluji haijaanguka.

Hatua ya 3: Ondoa chakula kabla ya kumwondoa yeye

Ukimtoa darini huku pipa lako linanukia, umempa sababu ya kurudi wiki ijayo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu hangoji kupewa.

Pipa la taka za chakula ndilo kiini cha ugomvi wote. Mji wa Toronto ulichoka, na mwaka 2016 ukaanza kugawa mapipa mapya ya kijani yenye kitasa cha kuzungusha, mradi wa dola milioni 31 za Kanada. Kufuli lake hujifungua lenyewe pipa likipinduliwa na lori. Yakasifiwa sana, na kwa wengi yanafanya kazi, ila wapo rakuni waliojifunza kuliangusha kwanza kisha kuzungusha kitasa. Sikushangaa. Zaidi ya miaka mia iliyopita mtafiti mmoja wa Marekani, H. B. Davis, aliwapa rakuni masanduku yenye kufuli 13 za aina mbalimbali, wakafungua 11, kila moja bila kufikisha majaribio kumi.

Hivi ndivyo tunavyofanya nyumbani kwetu:

Vichwa vya samaki, maganda ya kamba na mifupa havikai kwenye pipa hata siku moja. Vinaingia kwenye mfuko, mfuko unaingia kwenye friza, na unatoka asubuhi ya siku ya lori. Mke wangu alikataa mwanzoni, kwamba friza ni ya chakula. Baada ya kuokota makombo ya pilau uani alfajiri mara tatu, alitoa nafasi mwenyewe.

Pipa hulala gereji. Asiye na gereji alifunge kwenye nguzo ya uzio lisianguke, na juu apitishe ile mipira yenye ndoano ya kufungia mzigo kwenye keria ya baiskeli, miwili kwa msalaba. Mmoja hautoshi. Litoe asubuhi, sio usiku wa kuamkia.

Kitasa kikichakaa usingoje. Piga 311, simu ya huduma za mji, waombe wakitengeneze.

Halafu kuna vyakula usivyovihesabu kuwa chakula: bakuli la paka nje, mbegu za ndege zinazodondoka, matufaha yaliyoanguka chini, mafuta yaliyoganda kwenye jiko la kuchomea nyama. Lile jiko lisugue likiwa bado na joto. Mboji isiwe na nyama, samaki wala wali. Na tafadhali usimlishe kwa makusudi eti anapendeza. Anapendeza kweli. Mwaka 2015 watu wa Toronto walimwekea maua, mishumaa na picha ya fremu rakuni aliyekufa kando ya barabara ya Yonge, mpaka mji ulipokuja kumchukua usiku. Lakini anayelishwa na mmoja huwasumbua majirani kumi, na miji mingi ina sheria inayokataza.

Hatua ya 4: Mshawishi mama ahame

Mama rakuni ana makao zaidi ya moja kichwani mwake: mti wenye shimo, banda la jirani, paa jingine. Kazi yako ni kumfanya aone kwamba hapa hapakaliki, kisha umpe muda abebe watoto mmoja mmoja kwa mdomo, kama paka.

Anapenda pahali penye giza, kimya na pasipo na harufu ya mtu. Mpe kinyume chake. Weka taa kali iwake darini usiku na mchana. Weka redio. Muziki hausaidii sana. Mimi nilianza na taarabu wakalala raha mustarehe, nikabadilisha nikawawekea mjadala wa bunge uliorekodiwa, sauti za watu wakibishana saa ishirini na nne, na siku ya tatu wakahama. Matambara yaliyochovywa siki na kuwekwa karibu na tundu huongeza nguvu. Usitumie vidonge vya naftalini vya kufukuzia nondo kabatini wala amonia kwa wingi. Mvuke wake unawadhuru watoto wasioweza kukimbia, na unateremka mpaka chumbani unakolala. Moto kwenye dohani usiuthubutu kabisa, utawachoma hai.

Fanya hivyo siku kadhaa, na usipande darini usiku kumwangalia. Mama aliyebanwa pembeni na watoto wake hana adabu.

Kujua kama ameondoka, songa gazeti kwenye tundu, lijae lakini lisikaze. Likikaa usiku mbili tatu bila kuguswa na hali ya hewa si mbaya, hakuna mtu. Ila angalia kwa tochi kila pembe kabla ya kuamini gazeti, hasa majira ya kuzaa.

Kama uvumilivu umekwisha, zipo kampuni zinazofunga mlango wa kutoka tu, usiomruhusu kurudi, na zinazotoa watoto kwa mkono na kuwaweka kwenye sanduku nje ili mama awachukue usiku. Kabla ya kulipa muulize fundi swali moja: "Watoto utawafanyaje?" Akisita, mshukuru mteremshe ngazi.

Kumtega na kumpeleka porini ni wazo la kila mtu na karibu kila mahali ni kosa. Ontario, mnyama aliyekamatwa haachiliwi zaidi ya kilomita 1 kutoka alipokamatwa, na ni lazima aachiliwe ndani ya saa 24. Majimbo mengi ya Marekani yanakataza pia, kwa sababu nzuri: kichaa cha mbwa cha aina ya rakuni kilichosambaa katikati ya mashariki ya Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kilibebwa huko na rakuni waliosafirishwa kutoka kusini kwa ajili ya wawindaji.

Kama umepanga nyumba ya mtu, usipande paa kwa hela yako. Mwandikie mwenye nyumba siku hiyohiyo, kwa maandishi, pamoja na picha na tarehe. Paa ni lake.

Hatua ya 5: Sasa ndipo uzibe

Ubao haufai, plastiki haifai, povu la kujaza nyufa ni kichekesho. Tumia wavu wa chuma wa mabati wenye matundu ya kama sentimita 1.3, ule wa kuchomelewa, ukate upite ukingo wa tundu kwa sentimita 10 kila upande, ufunge kwa skrubu zenye vibati vya duara (washa) kwenye mbao imara. Misumari anaing'oa. Matundu yote ya hewa ya paa yafunike hivyohivyo siku hiyohiyo, kwa sababu atajaribu la jirani yake usiku unaofuata. Dohani ivishe kofia ya chuma. Matawi yapunguze yakae mbali na paa.

Chini ya baraza la mbao au banda, chimba mfereji wa sentimita 30, shusha wavu, halafu uukunje kuelekea nje sentimita 30 nyingine chini ya udongo. Akichimba kando ya ukuta anakutana na wavu, na hana wazo la kurudi nyuma hatua mbili achimbe pale. Ni mahali pekee nilipomshinda akili.

Bustanini

Mahindi. Sisi tunaolima vijistari vitatu uani ili tuchome wenyewe mwezi wa nane tunamjua huyu vizuri. Hagusi shamba wiki nzima, halafu usiku ule kabla hujavuna, punje zikiwa na maziwa, anaangusha mabua yote na kung'ata kila hindi mara mbili. Kinachofanya kazi shambani kwa kweli ni uzio wa umeme wa nyaya mbili, mmoja sentimita 15 kutoka ardhini na wa pili sentimita 30, uwashwe magharibi uzimwe asubuhi, kuanzia wiki mbili kabla ya mahindi kukomaa. Uliza sheria ya mji wako kwanza, miji mingi haikubali. Njia ya mjini ni ya subira: hindi likianza kujaa, lizungushie utepe ule wa kufungia maboksi wenye nyuzi ndani yake, juu na chini, kisha lifunge kwenye bua. Hawezi kulimenya. Mahindi thelathini huchukua jioni moja na kahawa. Kuna wanaosema panda maboga katikati, majani yake yanamkera miguuni. Kwangu aliyakanyaga kama zulia.

Pilipili nayo kila mtu anaitaja. Inamkera mpaka mvua inyeshe.

Sukuma wiki na mchicha hana habari nazo.

Ukoka ukiukuta asubuhi umekunjwa kama mkeka, anatafuta mabuu meupe ya mbawakawa yaliyo kwenye mizizi. Yeye ni dalili tu. Kwenye maduka ya bustani huku kuna nematodi, vijidudu hai vya kuchanganya na maji vinavyoua mabuu hayo. Mwagilia mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa wa tisa, jioni, udongo ukiwa umelowa, na uendelee kuulowesha kwa wiki moja au mbili.

Mwenye kuku, wavu wa pembe sita hauzuii kitu isipokuwa kuku wenyewe. Rakuni hupenyeza mkono akamvuta kuku kwa kichwa. Tumia wavu uleule wa sentimita 1.3, na komeo linalohitaji vitendo viwili.

Choo chake usikichezee

Rakuni huchagua mahali pamoja pa kujisaidia akaparudia: shinani mwa mti, juu ya rundo la kuni, pembe ya baraza, wakati mwingine darini. Kinyesi hicho kinaweza kuwa na mayai ya mnyoo aitwaye Baylisascaris. Binadamu kuambukizwa ni nadra, lakini mnyoo huo huenda kwenye ubongo na macho, na walio hatarini zaidi ni watoto wadogo wanaotia udongo mdomoni.

Mayai huhitaji wiki mbili mpaka nne kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kipya ukiondoe mapema. Vaa glavu, barakoa na buti unazoweza kusafisha. Lowesha kidogo kisitimke vumbi, kizoe kwa koleo, funga mifuko miwili, tupa. Kisha mwagia mahali pale maji yanayochemka, pamoja na koleo. Jiki haiui mayai hayo, na udongoni yanaweza kuishi miaka. Sanduku la mchanga la watoto lifunikwe kila jioni. Darini usimwage maji ya moto, utaharibu dari na nyaya. Hapo lipa mtu wa kazi hiyo.

Ugonjwa na kuumwa

Rakuni anayeonekana mchana si lazima mgonjwa. Mama anayenyonyesha hutoka saa yoyote. Mgonjwa anayumba, anazunguka palepale, anatokwa na usaha machoni, au anakufuata bila woga. Mara nyingi ni distempa, ugonjwa wa virusi ambao humpata pia mbwa asiyechanjwa. Wakati mwingine ni kichaa. Ingiza watoto na mbwa ndani, piga 311 au huduma ya wanyama ya mji wako.

Tuliokulia Afrika Mashariki tunakijua kichaa kwa mbwa, na wengi tuna ile tabia ya kupaka kitunguu au majivu kwenye jeraha. Hapana. Ukiumwa au kukwaruzwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza hakuna dawa, lakini chanjo kabla ya dalili inaokoa. Ontario hutolewa bure. Marekani bili yaweza kukutisha. Nenda hata hivyo, ubishane na bili ukiwa hai.

Ukiokota uani kitu cha kijani kibichi kilichofifia, laini, chenye harufu tamu, huenda ni chambo cha chanjo ya kichaa ambacho mkoa wa Ontario humwaga kwa ndege na kwa mkono. Kiache akile rakuni mwenyewe.

Akiingia jikoni

Hutokea, hasa kupitia kijimlango cha paka. Usimkimbize na ufagio. Funga milango ya ndani yote ili abaki chumba kimoja, fungua wa nje mpaka mwisho, zima taa ya ndani uwashe ya nje, toa mbwa, kisha ondokeni. Alikuja kwa njia anayoikumbuka. Mpe nusu saa. Mama mkwe, safari yake ya pili, alifanya hivyo peke yake tukiwa kazini, halafu akanitumia ujumbe wa sauti: "Mgeni wenu ameondoka. Kala ndizi mbili, kaacha maganda mezani."